Gunia Hili Lina Jina la Nani?

Msimu wa mavuno ukipamba moto, mashine ya kukoboa mpunga pale Galula hailali. Magunia yanapangwa kuanzia sakafuni hadi karibu na kenchi, na kila moja limeandikwa jina kwa makapeni, herufi kubwa nyeusi, ili zamu ikifika pasitokee ugomvi wa hili langu, hili lako. Asubuhi moja nilisimama mlangoni nikisubiri vumbi la pumba litulie, na kwa kukosa la kufanya nikaanza kuyasoma yale majina. La mwanamume. La mwanamume. Herufi moja ya mwanzo, jina la ukoo, kisha la mwanamume mwingine. Nilimaliza safu nzima ya ukutani, nikaingia ya pili. Jina la mwanamke nililiona moja tu, na kijana wa mashine aliponiona nimelikazia macho akanieleza bila kuulizwa: huyo ni mjane.

Juu ya magunia yaleyale walikuwa wameketi wanawake. Mmoja ananyonyesha, mwingine anapepeta chenga kwenye ungo, wawili wamejiegemeza na kupitiwa na usingizi kwa sababu waliondoka nyumbani kabla ya kupambazuka. Nikamwamkia aliyekuwa karibu yangu, mama wa makamo, nikamuuliza kama gunia alilokalia ni lake.

"La baba watoto," akajibu.

"Na nani alilima, mama?"

"Plau alishika kijana wetu. Kupanda ni mimi na wanangu. Palizi ni mimi. Kuvuna tulisaidiana na majirani, leo kwangu, kesho kwake." Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mundu ulikuwa umemwachia kovu jeupe kama uzi. "Lakini mpunga ni wa baba watoto."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba mto unateremkia kule. Utulivu ule ndio ulionishika, na tangu siku hiyo swali la jina halijanitoka.

Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukitoka Mbalizi kuelekea Mkwajuni, barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, baridi ya Mbeya unaiacha juu, na joto linakupokea pamoja na harufu ya majaruba. Mto Songwe unapita hapo ukienda kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Huu si ule Songwe mwingine unaotenganisha Tanzania na Malawi, ingawa jina ni moja na wageni huichanganya kila siku. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee bado huwaita Mapadre Weupe, walijenga kituo hapa enzi za Wajerumani, wakakiita Mtakatifu Moritz. Wabungu ni wenyeji wa kale wa sehemu kubwa ya bonde hili. Pamoja nao leo kuna Wanyiha, Wasafwa, Wanyamwanga, na Wasukuma waliofuata malisho na ng'ombe wao hadi huku. Gulioni utasikia "mwangaluka" ya Kisukuma ikijibiwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyiha, na hakuna anayeshangaa.

Jina la Galula limefika mbali kuliko wenyewe wanavyojua. Wanajiolojia wameipa tabaka moja la miamba ya bonde hili jina la Galula, na ndani yake wamechimbua mabaki ya wanyama wa zama za dinosaria. Mwaka 2010 walitangaza mnyama wa jamii ya mamba mwenye meno yanayofanana na ya paka, wakamwita Pakasuchus. Mwaka 2017 walitangaza dinosaria mwenye shingo nene wakampa jina la Kiswahili kabisa, Shingopana songwensis. Kwa hiyo mnyama aliyelala udongoni miaka mamilioni ameandikwa jina, na udongo uliomhifadhi umeandikwa jina. Mama anayeupanda mpunga juu ya udongo huohuo hajaandikwa popote.

Tuifuate kalenda ya mpunga, maana ndiyo kalenda ya maisha hapa. Mvua zikianza, ng'ombe hufungwa nira na mwanamume au kijana wa kiume hushika plau. Ni kazi ngumu, haina ubishi, na humalizika kwa siku kadhaa. Siku hizi pia mwanamume ndiye anayebeba bomba la kupulizia dawa ya magugu. Baada ya hapo jaruba linahamia mikononi mwa mwanamke. Kung'oa miche na kupandikiza mgongo ukiwa umeinama tangu asubuhi hadi adhuhuri, maji yakifika kwenye vifundo vya miguu. Palizi ya kwanza, palizi ya pili. Kisha wanaingia kwelea kwelea, na mama na watoto wanahamia shambani na makopo na manati kulinda ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Wengi wa watoto hao walipaswa kuwa darasani saa hizo. Ndipo kuvuna kwa mundu, kupiga mpunga juu ya turubai, kupepeta, kuanika, kuanua wingu likitokea, kuanika tena. Na katika miezi yote hiyo kuni zinatafutwa na yeye, maji yanachotwa na yeye, mgonjwa anauguzwa na yeye.

Halafu dalali anafika. Nimeitazama biashara hii zaidi ya mara moja, na mpangilio wake haubadiliki. Bei inapangwa chini ya mti, wanaume watatu au wanne, mmoja ameegemea pikipiki. Hatua chache kutoka hapo mwanamke ameshika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, akiutanua, huku kijana akishindilia mpunga uingie lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini dalali anataka kichwa, naye asiyepewa kichwa anatishia kwenda kijiji cha pili. Gunia likijaa, mama anachukua shazia na kamba ya katani, anashona. Yeye ndiye aliyelishika gunia la kwanza mpaka la mwisho. Kama aliulizwa lolote kuhusu bei, sikusikia.

Pesa zinazotoka hapo huenda wapi? Wapo akina baba wengi wanaozifikisha nyumbani zote, wakalipa madeni ya mbolea, wakanunua sare za shule na bati la nyumba, na itakuwa dhambi kuwapaka wote rangi moja. Wapo wanaonunua ng'ombe, na ng'ombe katika bonde hili ndiye benki. Wapo pia wanaopotea Mkwajuni au Mbeya mjini siku nne na kurudi na redio. Tofauti ya baba wa kwanza na wa tatu ni tabia yao tu. Mama hana nyenzo yoyote ya kumfanya wa tatu awe kama wa kwanza. Anaomba Mungu ampe mume mwema, basi. Maisha ya watoto watano hayafai kutegemea bahati hiyo.

Na watoto wenyewe wanatuonyesha. Songwe ni mkoa wa chakula, unalisha wengine. Lakini utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 43.3 ya watoto walio chini ya miaka mitano katika mkoa huu wamedumaa. Mwaka 2022 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 31.9, hatua kubwa ambayo wahudumu wa afya wa vijijini wanastahili kupongezwa kwayo. Bado ni takriban mtoto mmoja kati ya watatu, katika nchi ya mpunga, mahindi, maharage na maziwa. Sababu za udumavu ni nyingi. Mojawapo naijua kwa macho yangu: magunia yanauzwa hadi la mwisho mwezi wa saba, na mwezi wa kwanza mama anakwenda kufanya kibarua cha palizi kwenye shamba la mwingine ili apate debe la mahindi. Mwenye kujua nyumba inakula nini kwa mwezi ndiye asiye na kauli juu ya magunia mangapi yabaki.

Mzee mmoja wa Galula nilipomweleza haya alinijibu kwa heshima, na jibu lake lina haki ya kusikilizwa. Kwamba baba ndiye anayedaiwa. Mahari ya kijana ikihitajika anatazamwa yeye. Mtoto akiugua usiku, mwenye kutafuta nauli ni yeye. Akishindwa, jina linaloharibika kijijini ni lake. Na kweli, majukumu haya yamewafunga hata wanaume. Mvulana wa kifugaji anakabidhiwa ng'ombe akiwa na miaka saba au minane, na shule anaipita kwa mbali akichunga. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa mchungaji, kama vile dada yake hakuulizwa kama anataka kuolewa. Lakini mzigo wa baba ungekuwa mwepesi kama angekubali kuubeba na mwenzake kwa uwazi, daftari moja, ghala moja, maamuzi ya watu wawili. Nilimwambia mzee hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema wanawake wa siku hizi wamesoma. Nililichukua kama jibu la kuanzia.

Mambo haya yana historia ndefu katika ukanda huu wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia enzi za biashara ya utumwa, akina Narwimba na Chisi, na mwanahistoria Marcia Wright akayachambua katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu watumwa na wanawake wa eneo hili. Ni maisha ya watu waliotekwa, waliohamishwa kutoka mkono hadi mkono, na waliotafuta ulinzi kwa mwanamume yeyote mwenye nguvu kwa sababu mwanamke asiye na mtu hakuwa na mahali. Utumwa umekwisha. Wazo la kwamba usalama wa mwanamke ni mwanamume fulani, na kwamba akifa mwanamume huyo usalama unakwenda naye kaburini, halijaisha.

Muulize mjane. Matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wameshaanza kupima jaruba kwa macho.

Wengi hudhani huo ni uovu wa watu wachache wenye tamaa. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi ulikuwa na maandishi ya serikali nyuma yake. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzipa nguvu ya sheria, liliweka binti katika daraja la mwisho la warithi, likamruhusu kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, na likasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe, kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Kisha akatokea mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo, nayo ikabatilisha mauzo kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Mahakama ya Wilaya ikampa Holaria haki yake. Ephrahim akakata rufaa, na Februari 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba yenye haki za binadamu, na kwamba wanawake wana haki ya kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza sawasawa na wanaume. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikuwa imekwisha kusema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, zinahesabika kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Hukumu hizi mbili zinastahili kusomwa kwa sauti katika kila mkutano wa kijiji. Ni hazina yetu wenyewe, imeandikwa na majaji wetu, kwa machozi ya mama zetu.

Njia haikunyooka, hata hivyo. Wajane wawili wa Shinyanga walipofukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni zile za kimila zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wanawake hao walifika mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati inayosimamia Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi Dhidi ya Wanawake ikasema Tanzania imewavunjia haki zao. Kwa Wasukuma wa Galula kisa hiki si cha mbali. Mila iliyowatoa wajane wale ndiyo waliyohama nayo.

Kwa upande wa ardhi ya kijiji, sheria ya nchi iko wazi kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji ni watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mume na mke kwa pamoja, majina mawili kwenye karatasi moja. Na mfano hauko ng'ambo. Wilaya ya Mbozi, ndani ya mkoa huuhuu wa Songwe, ndiyo iliyotumika kuwa wilaya ya majaribio ya kutoa hati hizi nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jirani zetu walikuwa wa kwanza.

Kwa nini basi jina la mama halifiki? Nimekaa na maofisa ardhi, nimekaa na akina mama, na majibu yanakutana mahali pamoja. Wapimaji wanapofika, anayewapokea na kuwatembeza mipaka ni baba. Mama yupo jikoni anawapikia wageni. Anayeulizwa jina la mwenye shamba ni aliyesimama shambani. Kitambulisho cha NIDA cha mama kimefungiwa kwenye sanduku la mume au hakijafuatiliwa kabisa, kwa sababu safari ya Mkwajuni ni nauli na siku nzima ya palizi. Halafu kuna aibu. Mke anayesema "na mimi niandikeni" anaonekana anamtabiria mumewe kifo. Nimesikia swali hilo likiulizwa kwa ukali: "Kwani unataka nife?" Mwanamke gani ataendelea kusema baada ya hapo, mbele ya wageni, na wali wao unaungua?

Mkutano mkuu wa kijiji ulipaswa kuwa mahali pa kuyaweka sawa haya. Tazama tu namna watu wanavyoketi. Mabenchi na viti vya plastiki wanakaa wanaume, mbele, kivulini. Wanawake wameketi chini juu ya kanga zao, nyuma, na wengine nyuma kabisa karibu na njia ili mtoto akilia waondoke haraka. Ajenda zinakwenda. Mwishoni, jua likiwa limeshaelekea kuzama na kila mama anawaza moto wa jioni, mwenyekiti anauliza: "Akina mama, mna lolote?" Hapo ndipo sauti ya nusu ya kijiji inapewa dakika tano. Halmashauri ya kijiji kisheria inapaswa kuwa na wanawake wasiopungua robo ya wajumbe, na idadi hiyo hutimizwa. Mwenyekiti ni habari nyingine. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wanawake walioshinda uenyekiti wa kijiji nchi nzima walikuwa takriban wawili tu kati ya kila mia.

Jambo hili linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba mkuu wa kwanza kabisa wa Mkoa wa Songwe alikuwa mwanamke, Luteni mstaafu Chiku Gallawa, na kwamba tangu Machi 19, 2021 nchi imeongozwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Wasichana wa Galula wamekua wakiiona picha yake ukutani mwa ofisi ya mtendaji. Chini ya picha hiyo mama zao wanaketi sakafuni.

Na wasichana hao wenyewe? Hapa naandika kwa moyo mzito. Utafiti wa afya ya uzazi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Mkoa wa Songwe ulikuwa wa kwanza, kwa asilimia 45. Karibu nusu. Hakuna mkoa mwingine uliofikia kiwango hicho. Chukua daftari la mahudhurio la kidato cha pili katika shule yoyote ya bonde hili, pitisha kidole kwenye orodha ya wasichana, utakuta mstari wa kalamu nyekundu umepita juu ya jina, na pembeni neno moja: mtoro. Neno hilo si la haki. Mtoro ni mtu aliyekimbia. Wengi wa watoto hawa hawakukimbia, waliondolewa.

Sheria tunazo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Mwaka huohuo Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 au hata 14, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio, ikatangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Lakini kesi haifiki mahakamani ikiwa wazee wa pande mbili wamekutana jioni na "kuyamaliza kifamilia." Ng'ombe wanavuka boma moja kwenda jingine. Shahidi pekee, ambaye ni binti mwenyewe, anapelekwa kwa shangazi wilaya nyingine. Na kurudi shule baada ya kujifungua kunahitaji mtu wa kubaki na mtoto, nauli, sare mpya, na mwalimu asiyemwita "mama fulani" mbele ya darasa. Bibi wa mtoto yuko jarubani. Nani atambebea mtoto?

Ndiyo maana naona shamba na mimba ni jambo moja. Katika nyumba ambayo mama hana kauli juu ya gunia, hana kauli pia siku posa inapofika. Binti anahesabiwa pamoja na mali ya nyumba, naye asiyemiliki mali hana la kusema kuhusu mali. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza na Mbangala, katika wilaya hiihii, hadithi inafanana: wanawake wanaponda mawe na kuosha marudio, huku wakiambiwa wakiingia duarani, yaani shimoni, dhahabu itakimbia.

Lakini kuna kitu nimekiona Galula ambacho kinanipa nguvu. Ni kisanduku cha chuma kilichopakwa rangi ya buluu, chenye makufuli matatu. Ni cha kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, hutoka mara moja kwa wiki na kuwekwa juu ya mkeka. Funguo zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na hakifunguki mpaka wote watatu wawepo. Nilimwona bibi mmoja asiyejua kusoma akisimama, akataja kwa kichwa hisa za wanachama wote waliokuwepo, mmoja baada ya mwingine, na katibu akithibitisha daftarini. Hakukosea hata shilingi. Mwanamke huyo mume wake humwambia hawezi hesabu za mpunga.

Vikundi hivi vimewaokoa wengi na mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila siku mpaka unauza sufuria. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Huko nyuma vikundi vya pembezoni vilikuwa vikisikia habari zake baada ya fedha kwisha. Halmashauri ya Songwe ianzie huku safari hii, si makao makuu.

Kabla sijaondoka nilirudi mashineni. Yule mama alikuwa ameshakoboa, mchele wake mweupe kwenye magunia, pumba kwenye kiroba cha kwenda kulishia nguruwe. Kijana wa mashine alikuwa na makapeni mkononi anaandika jina. Nikamuuliza mama kwa utani mwema kama angependa na lake liwekwe. Akacheka na kufunika mdomo kwa kanga. Kisha akanyamaza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, akiamini kwamba mwandishi kama mimi atajua: ile hati ya shamba, kweli wanaandika wawili?

Kweli, mama. Wanaandika wawili. Fuatilia kitambulisho chako cha NIDA msimu huu wa kiangazi kabla ya palizi, na siku wapimaji wakija, chakula kipikwe na wengine. Wewe nenda shambani, simama kwenye mpaka, taja jina lako. Na wewe baba wa Galula, uliyesoma mpaka hapa, usisubiri mkeo aombe. Mwambie wewe mbele ya mtendaji: andika na la mama watoto.